Mkilua uliohamishwa chungu ukaanza kupukutika

"Shikamoo Bwana Shamba. Niko Lamu mjini, mtaa wa Mkomani. Nina mkilua mchanga, kimo chake kama futi mbili, ulioota kwa mbegu ya mkilua wa marehemu bibi yangu kule Malindi. Mti wa bibi ulikatwa nyumba ilipojengwa upya, kwa hivyo huu ndio uliobaki. Wiki tatu zilizopita niliutoa kwenye mfuko wa miche nikautia kwenye chungu kikubwa cha udongo, upana wake kama nusu mita, ili nisije nikauhamisha tena. Niliosha mizizi mpaka ikatakata, nikaweka kokoto chini, nikajaza udongo na samadi mbichi ya punda nusu kwa nusu. Nimeuweka chumba cha ndani, mbali na jua, punda na mbuzi. Feni haizimwi mchana wala usiku kwa joto hili. Tangu wiki ya kwanza majani ya chini yanageuka manjano na kuanguka. Yaliyobaki yamelegea, ncha zimekauka. Namwagilia asubuhi na jioni maji ya kisima. Juzi nilitia kijiko cha mbolea ya dukani, hali ikazidi. Jirani anasema nitie maji ya sukari, shangazi anasema mti umepigwa jicho. Je, umekufa? Niurudishe kwenye mfuko? Disemba mdogo wangu anaolewa, na nia yangu ilikuwa avae vilua, maua ya mti wa bibi."

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu bibi.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa maelezo yako, mkilua huo haujafa. Mti uliokufa haupukutishi majani; hukauka nayo, yakabaki yananing'inia kwenye vijiti mpaka uyang'oe kwa mkono. Jani likianguka lenyewe, ujue mti umejenga utando mwembamba wa seli pale kikonyo kinapoungana na tawi, umefunga njia, kisha umeliachia. Hiyo ni kazi, na maiti hafanyi kazi. Hata yale manjano ni dalili ya uhai: kabla ya kuliachia jani la chini, mti hulinyonya kwanza naitrojeni na virutubisho vingine, ukavirudisha ndani. Umo kwenye kubana matumizi.

Ukitaka uhakika, fanya hivi leo. Kwa ukucha, kwaruza ganda la kijitawi cha juu kabisa, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukikuta kijani chenye unyevu, hapo pana uhai. Ukikuta kahawia kavu, teremka inchi mbili ukwaruze tena, na tena, mpaka ukaribie udongo. Kijani kinapoanzia ndipo mti wako unapoishia kwa sasa, na kilicho juu yake hakirudi. Ila usikwaruze ukalizunguka shina, maana chakula kinachotoka kwenye majani hupita kwenye ganda hilo hilo kwenda kwenye mizizi.

Sasa tuseme kilichotokea. Mche ukilegea, watu husema una kiu, wakaongeza maji. Usipoinuka husema una njaa, wakaongeza mbolea. Wako maji umeupa asubuhi na jioni, na bado unakauka. Shida ni kwamba umepoteza vinywa vya kunywea.

Mizizi minene ya kahawia unayoiona kwa macho, kazi yake kubwa ni kuushika mti na kupitisha maji. Maji yenyewe huingia zaidi kupitia ncha changa za mizizi na vinyweleo vyake, vitu vyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga. Vinyweleo hivyo haviishi sana, siku chache au wiki chache, na vipya huota nyuma ya ncha kadiri inavyosonga mbele. Tena vimejibana kwenye chembe za udongo, vimezikumbatia. Ulipoosha mizizi mpaka ikatakata, lile tope lililokwenda na maji lilikwenda na karibu vinyweleo vyote. Sikulaumu. Ushauri huo wa kuosha mizizi unazunguka sana, na una mahali pake: kule Ulaya mitufaha huuzwa mizizi mitupu, lakini huwa ni majira ya baridi, mti umelala, hauna jani hata moja la kudai maji. Mkilua wetu haulali. Ulipouosha ulikuwa na majani yake yote, na kila jani lilikuwa linaendelea kutoa maji kama jana yake.

Maana jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, vingi vikiwa upande wa chini. Mchana hufunguka ili mti upate hewa ya kutengenezea chakula, na maji hutoka hapo hapo kama mvuke. Yanayotoka juu ndiyo yanayovuta mengine kutoka chini. Matumizi yakizidi mapato, jani hulegea, kisha ncha hukauka, kwa sababu ncha ndiyo mwisho wa njia ya maji. Feni hapo ndipo inapouumiza mti. Kila jani hujitengenezea tabaka jembamba la hewa nyevu linalolizunguka, likapunguza kasi ya kukauka. Feni hulipeperusha tabaka hilo kila dakika. Kwa mtu mwenye jasho ni raha, na kwa mche usio na vinyweleo ni kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo wa kaskazi.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka mmoja, hapa Malindi, nilihamisha miche arubaini ya mistafeli mwezi wa Februari. Nusu niliiweka chini ya mwembe, nusu kando ya ukuta ambapo kaskazi ilikuwa inapita moja kwa moja. Udongo ulikuwa mmoja, maji yalikuwa ya pipa moja, mkono ulikuwa wangu. Ile ya chini ya mwembe ilidondosha majani machache ikatulia. Ile ya ukutani nilipoteza karibu yote, na kwa muda mrefu nilidhani ni ugonjwa.

Kisha kuna chumvi. Samadi mbichi ina chumvi nyingi, mbolea ya dukani ni chumvi tupu, na visima vingi vya mjini kwenu vina maji ya chumvichumvi. Umeona achari ya ndimu inavyotengenezwa: ndimu zikikatwa zikatiwa chumvi, kesho yake zinaogelea kwenye maji yaliyotoka ndani yao zenyewe. Mzizi nao hufanywa hivyo hivyo. Chumvi ya nje ikizidi ya ndani, maji hayaingii mzizini hata udongo ukiwa umelowa chepechepe, na ikizidi zaidi hutoka. Ndiyo maana kile kijiko cha juzi kiliongeza ubaya badala ya kuupunguza. Samadi mbichi ina makosa mengine pia: inapooza ndani ya chungu hutoa joto na amonia, na hula hewa ambayo mizizi inaihitaji.

Chungu kikubwa ni kosa ambalo hufanywa na watu wenye mapenzi, wanaotaka mti ujinafasi. Mizizi ya mche wa futi mbili, baada ya kuoshwa, ingeenea ndani ya kikombe cha chai. Ukiuweka kwenye chungu cha nusu mita, udongo wote ule wa pembeni hauna wa kuunywa. Unabaki umelowa, maji yanajaza nafasi za hewa, na mizizi, ambayo nayo huvuta pumzi, inakosa oksijeni. Ikishadhoofika huvamiwa na vimelea vinavyofanana na kuvu, kama Pythium na Phytophthora, vinavyopenda udongo wa majimaji. Hapo ndipo mtu huona mti umelegea, akadhani kiu, akaongeza maji.

Na kokoto za chini hazikusaidia, ingawa hata mafundi wa bustani hukuambia uziweke. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, iinue bila kuikamua. Itadondosha, itaacha kudondosha, na sehemu ya chini itabaki imejaa maji. Iweke sasa juu ya rundo la kokoto. Maji hayateremki kwenye kokoto, yanabaki pale pale chini ya sponji. Udongo wa chungu ni vivyo hivyo: maji hayavuki kwa wepesi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hivyo ulichofanya ni kulipandisha bwawa karibu na mizizi. Kigae kimoja kilichopinda juu ya tundu, kuzuia udongo usimwagike, kinatosha.

Basi tufanye nini? Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuuacha ulivyo, kuzima feni, kupunguza maji na kungoja. Kwa mti uliohamishwa vizuri ukashtuka tu, hiyo ndiyo ningeichagua bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kila ukiugusa unaukata vinyweleo vichache ulivyoanza kuota. Ya pili ni kuutoa na kuupanda upya kwenye chungu kidogo. Ya tatu ni kuupanda ardhini kabisa, uwani kwa mtu unayemwamini. Hiyo ya tatu usiifanye sasa. Mti dhaifu ukitoka chumbani kwenda kwenye jua la Machi utaungua majani yaliyobaki ndani ya siku mbili. Ingoje masika, na hata hapo uwe umepona kwanza.

Kwako wewe nachagua ya pili, na naichagua kwa shingo upande. Ungekuwa umekosea chungu tu, au umeosha mizizi tu, ningekwambia usiuguse. Lakini nusu ya udongo ule ni samadi mbichi, juu yake kuna mbolea, na chungu hakikauki. Mti hauwezi kuota vinyweleo vipya ndani ya kitu kinachoviua. Kuhusu mfuko wa zamani, ukubwa wake ndio sawa hasa. Ukiwa nao mzima, wenye matundu chini, unafaa. Mimi napendelea chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, kwa sababu kuta zake hupitisha hewa, na chumvi ikizidi utaiona kwa macho ikitoa unga mweupe nje yake.

Tayarisha udongo kabla ya kuugusa mti. Sehemu mbili udongo mweusi wa juu, wa chini ya mti mkongwe, sehemu moja usumba wa makumbi ya nazi, sehemu moja mchanga wenye chembe kubwa. Hapa kuna mitego ya kwetu pwani. Makumbi mengi hufukiwa ufuoni ili yaoze, usumba ukatoka na chumvi ya bahari. Uloweke kwenye maji matamu, umwage, urudie mara tatu au nne, mpaka maji yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya makombe, usiuchukue. Wala usichukue mchanga wa vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu mnayokunywa Lamu, na kila anayechota ndoo anapunguza kisima cha mji. Tafuta mchanga wa mtoni kwa wanaoleta vifaa vya ujenzi kutoka bara, uoshe. Pia usichukue udongo palipobomolewa ukuta wa zamani. Kuta za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikizidi udongoni, mti hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yapo. Utaijua dalili yake siku za mbele: majani machanga ya juu yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Yako ni ya chini ndiyo yanayoanguka, kwa hivyo hilo kwa sasa haliko.

Fanya kazi jioni, jua likishapoa, feni imezimwa. Usiuvute mti kwa shina. Laza chungu kwenye mkeka, chimbua pembeni kwa mkono, toa udongo mpaka mti utoke na bonge lake dogo. Yale mabonge ya samadi yanayoanguka yenyewe yaache yaanguke. Usikung'ute, na wala usioshe tena. Kilichojishika na mizizi kiache pale kilipojishika.

Kisha inamia karibu uangalie. Weka kimzizi kimoja kwenye kiganja, ukivute polepole kwa vidole viwili. Kikiwa kigumu kidogo, kinanyumbuka, na ganda halitoki, ni kizima. Ganda likivuka kama soksi na kubaki kijiuzi katikati, hicho kimeoza. Usiamue kwa rangi peke yake. Ugumu ndio hakimu. Na nusa. Udongo mzuri hunukia kama mvua ya kwanza, na uliokosa hewa hunuka mayai viza. Mizizi iliyooza ikate kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, mpaka ufike palipo pazima. Mizima usiikate hata ikiwa mirefu, ikunjekunje iingie.

Chungu kipya kiwe kinazidi bonge la mizizi kwa upana wa vidole viwili kila upande, basi. Panda kwa kina kile kile kilichokuwapo. Ukilifukia shina, ganda lake huoza. Usishindilie kwa ngumi. Gongagonga chungu chini mara chache, udongo ujipange wenyewe, kisha mwagilia taratibu mpaka maji yatoke tunduni. Maji ya kisahani yamwage. Mti ukiyumba, uegemeze kijiti na kuufunga kwa utambaa laini, kwa sababu shina likicheza hukata vinyweleo vinavyoanza kushika.

Tangu siku hiyo, usimwagilie kwa saa. Ingiza kidole cha shahada mpaka kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka. Ukisikia pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Baada ya wiki utaujua uzito wa chungu kwa kukiinua tu, na hutahitaji kidole. Maji mazuri kwako ni ya mvua, ya jabia au birika kama nyumba yenu inayo, na kama kuna jirani mwenye kiyoyozi, maji yanayodondoka kwenye mpira wake hayana chumvi, kinga ndoo. Ya kisima yaache kwa sasa, hata yakiwa na ladha nzuri kinywani mwako.

Mahali pa kuuweka panahitaji maneno zaidi, maana nyumba za Lamu zina tabia yake. Vyumba ni vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti za mkoko, kuta ni nene, na mwangaza karibu wote huingilia kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba ulio wazi juu. Hatua chache tu kutoka kiwandani mwangaza hupungua mno. Jicho letu huzoea upesi likatudanganya kuwa chumba kina mwanga wa kutosha, na jani halidanganyiki. Chukua karatasi nyeupe, saa sita mchana, uiweke pale unapotaka kuuweka mti, inua mkono juu yake kama futi moja. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, jua ni kali mno kwa mgonjwa. Kisipoonekana kabisa, pana giza. Unatafuta kivuli hafifu, chenye ukingo uliofifia, unachokitambua kuwa ni mkono lakini huwezi kuhesabu vidole vizuri. Nadhani utakipata kwenye ukumbi unaokabili kiwanda.

Hapo mti wako una bahati ya asili. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, umezoea kuishi chini ya vivuli vya miti mikubwa. Ni wa kwetu hasa: mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliliacha jina la Kiswahili kuwa jina la jenasi nzima, ukaitwa Mkilua fragrans. Kwa hivyo kivuli chepesi ndiko kwao. Ungekuwa mwembe ningekuwa na wasiwasi zaidi kuuona ndani ya nyumba.

Utasoma mahali ushauri wa kuufunika mche kwa nailoni ili hewa iwe nyevu. Umeandikwa kwa nyumba za nchi za baridi, ambazo hewa yake hukaushwa na mashine za joto. Hewa ya Lamu ina unyevu wa kutosha usiku na mchana, na ukifunika utaotesha ukungu. Zuia upepo tu. Kama hamwezi kulala bila feni, mti ulale ukumbini.

Kuhusu kukata majani ili kupunguza matumizi, mafundi hawakubaliani. Zamani nilikata nusu ya majani ya kila mche niliouhamisha. Siku hizi sikati, isipokuwa yaliyokauka. Jani bichi ndilo linalotengeneza chakula cha kuoteshea mizizi, na wako umeshapunguza wenyewe yale usioweza kuyahudumia. Ninakubali jambo moja: ukiukuta alfajiri, kabla jua halijatoka, majani bado yamelegea siku tatu mfululizo, chukua mkasi ukate nusu ya juu ya kila jani kubwa, uache vikonyo. Kulegea mchana na kuinuka alfajiri si hoja ya mkasi.

Maji ya sukari usitie. Mti hujitengenezea sukari kwenye majani kwa mwanga. Ya kwenye udongo huliwa na kuvu na sisimizi. Maji ya mchele nayo yaache, yatachacha. Na shangazi yako mpe heshima yake. Dua na kisomo havigombani na udongo mzuri. Usomewe, na siku hiyo hiyo uhamishwe chungu.

Mbolea, hakuna. Hakuna kabisa mpaka uone jani jipya limefunguka na kukomaa likawa gumu mkononi. Hapo anza kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, udongo ukiwa umeshalowa, mara moja kwa mwezi. Samadi ya punda usiitupe: ilundike kivulini, igeuzegeuze, ikae miezi mitatu hadi sita mpaka iwe kama udongo wa kahawia usio na harufu. Hapo nyunyiza juu ya chungu unene wa kidole kimoja, nayo itakuwa zawadi.

Jitayarishe kwa kungoja. Wiki mbili za kwanza majani yanaweza kuendelea kuanguka, na moyo utakuuma. Ukiuona umesimama kama ulivyo, haujarudi nyuma wala kwenda mbele, hiyo ni habari njema: uko chini unafanya kazi usiyoiona. Kwa joto letu, kati ya wiki ya tano na ya nane tazama pale vikonyo vilipoachia. Utaona kijidoa kimevimba kama kichwa cha sindano, kinazidi siku hadi siku. Majani ya kwanza yatakuwa madogo na mepesi ya rangi. Usiyaharakishe.

Kuna dalili ambazo kwa maandishi siwezi kukusaidia. Ganda la shina pale linapogusa udongo likiwa jeusi na laini, likibonyea kwa kidole; mizizi yote ikivuka kama soksi; au kijani cha chini ya ganda kikiteremka kila wiki hata baada ya kufanya yote haya. Hapo usingoje. Uchukue mti ulivyo, na chungu chake, umwone afisa kilimo wa kaunti, au ukija Malindi fika hadi Gede, kwenye kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Watauona na kuushika, jambo ambalo mimi siwezi kulifanya kutoka hapa. Picha za simu huficha mengi, hasa rangi ya ganda.

Nakuomba na jambo moja lisilohusu chungu. Umesema huu ndio uliobaki. Waulize ndugu na majirani wa bibi hapa Malindi kama kuna aliyewahi kuchukua mbegu au mche kwake. Wanawake wenye mikilua hugawana, na si ajabu kuna nduguye mti huu uwani kwa mtu asiyejua kuwa unautafuta. Usijaribu kukata vipandikizi kwenye huu wako sasa, hauna akiba ya kuoteshea kitu cha pili.

Na harusi ya mdogo wako. Sitaki kukupa tumaini la uongo. Mti wa futi mbili uliopoteza majani yake mengi utautumia mwaka huu wote kwa mizizi, na hata ukitoa kichipukizi cha ua kabla ya Disemba, nitakuomba ukikate uuache upumzike. Vilua vya bi harusi viagizeni kwa wenye miti mikubwa, mapema, maana Disemba watu huoa wengi. Mkilua wa bibi uwekeni ukumbini siku hiyo, mbali na feni na mbali na mlango, watoto wasiupige kumbo.